Kiingereza na Vitabu Vyake katika Shule Zetu za Sekondari



Katika Mkutano Mkuu wa mwaka uliopita, ilipofika zamu ya kusoma hesabu za Mfuko wa Elimu, mzee mmoja alisimama akauliza kwa nini Chama kimetoa fedha kununua vitabu vya hadithi na michezo ya kuigiza ya Kiingereza, hali watoto wa baadhi ya wanachama wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Alisema kwamba hadithi hazilipi karo wala hazijengi nyumba. Wengi walipiga makofi. Wengine, hasa vijana, walinung'unika, na mkutano ukakaribia kuvurugika. Ndipo Bwana Mwenyekiti alipotuamuru sisi, karani wenu, tutafute habari za somo hili tangu lilipoingia katika nchi yetu, tuziandike katika taarifa ya mwaka, ili mwaka huu tukibishana tubishane juu ya jambo tunalolijua.

Twakiri mapema kwamba sisi si watu wa kati katika shauri hili. Tulisoma katika shule ya sekondari iliyoanzishwa na misheni, tukafanya mtihani wa kidato cha nne chini ya utaratibu wa 8-4-4, na kazi ya ukarani tuliipata kwa sababu barua yetu ya maombi ilikuwa haina makosa. Basi msomaji apime maneno yetu akijua hayo.

Watu wengi hudhani kwamba wamisheni walikuja na Kiingereza mkononi, wakawalazimisha wazee wetu kukisoma. Mambo hayakuwa hivyo. Wamisheni wa kwanza walitaka watu wasome Injili, na Injili walitaka isomwe kwa lugha ya nyumbani. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alitumia nguvu zake kuandika maneno ya Kiswahili na ya Kirabai, wala si kufundisha Kiingereza. Serikali nayo ilipoanza kushughulika na elimu ya Mwafrika, shauri lake lilikuwa juu ya jembe, randa na matofali. Taarifa ya Fraser ya mwaka 1909 ilisisitiza mafundisho ya kazi za mikono, na tume ya Phelps-Stokes iliyopita huku mwaka 1924 ikasifu kilimo na afya, na lugha za nyumbani kwa madarasa ya chini.

Waliodai Kiingereza ni wazee wetu wenyewe. Mwaka 1908, shule ya Maseno ikiwa na umri wa miaka miwili tu, wanafunzi waligoma wakitaka kusoma zaidi na kufanya kazi za mikono kidogo. Sababu yao haikuwa ya kufichika. Mtu aliyejua Kiingereza alikuwa karani au mkalimani, naye alilipwa zaidi ya mwenye jembe. Tena alikuwa mtu wa kusimama kati ya mkuu wa wilaya na watu, akajua lipi limesemwa na lipi limeandikwa. Asiyejua alitia kidole gumba katika hati asiyoweza kuisoma. Wako kati yetu wazee ambao baba zao walipoteza mashamba namna hiyo, nao hawahitaji kuelezwa na karani.

Baadaye, Mabaraza ya Wenyeji yalipoanzishwa katikati ya miaka ya ishirini, watu walikubali kutozwa fedha zao wenyewe ili shule zijengwe, na moja katika haja zao za kwanza ilikuwa Kiingereza kifundishwe mapema. Katika nchi ya Wakikuyu, baada ya ugomvi na misheni wa mwaka 1929, shule za kujitegemea zilienea, nazo pia ziliahidi Kiingereza. Chuo cha waalimu cha Githunguri kilifunguliwa mwaka 1939 na Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo. Yafaa tukumbuke hilo: watu wale wale waliokataa kuongozwa na misheni walitaka lugha ya misheni. Waliiona kuwa ni chombo, kama mtu anavyotaka bunduki ya adui bila kumtaka adui.

Shule ya sekondari ya kwanza kwa Waafrika wa Kenya, Alliance, ilifunguliwa huko Kikuyu tarehe 1 Machi 1926, kwa ushirika wa misheni za Kiprotestanti. Kwa upande wa Wakatoliki, shule ya Kabaa ilianzishwa mwaka 1925, ikahamia Mang'u mwaka 1940. Wasichana walingoja. Shule yao ya juu, jirani ya Alliance, ilifunguliwa mwaka 1948, yaani miaka ishirini na miwili baada ya ile ya kaka zao.

Hapa tungependa kusimama kidogo, kwa maana tulipotafuta habari hizi tulikuta jambo lililotushangaza. Fasihi ya Kiingereza, kama somo la kusomwa na kutahiniwa, si kongwe hata kwao Waingereza. Zamani watoto wa mabwana walisoma Kilatini na Kiyunani, na vitabu vya lugha yao wenyewe walivisoma kando ya moto kwa kujifurahisha. Chuo Kikuu cha Oxford kilianza kutoa shahada ya fasihi ya Kiingereza katika miaka ya tisini ya karne ya kumi na tisa, na Cambridge ikaweka mtihani wake wa somo hilo mwaka 1917. Katika Bara Hindi, Waingereza walikuwa wamekwisha kuwasomesha Wahindi vitabu hivyo tangu siku za Macaulay, aliyeandika waraka wake mwaka 1835, kwa nia ya kupata watu wa kuwasaidia kutawala. Kwa hiyo mtoto wa Kikuyu au wa Kavirondo aliyefungua kitabu cha Shakespeare katika miaka ya ishirini hakuwa amechelewa sana nyuma ya mtoto wa London. Wote wawili walikuwa wanafundishwa jambo jipya, ingawa yule wa London alikuwa anafundishwa habari za kwao.

Alliance ilipata sifa yake kubwa chini ya Bwana Edward Carey Francis, aliyekuwa mwalimu wa hisabati Cambridge, akaja Maseno mwaka 1928, kisha akaongoza Alliance tangu 1940 hata 1962. Alipostaafu hakurudi kwao kupumzika, bali alikwenda kufundisha Pumwani, hapa Nairobi, hata alipofariki mwaka 1966. Alikuwa mtu mkali aliyependa sentensi fupi. Katika miaka ya hamsini ilikuwa desturi ya shule hiyo kucheza kila mwaka mchezo mmoja wa Shakespeare, na kwa kuwa shule ni ya wavulana, wavulana ndio waliovaa magauni wakawa binti za Mfalme Lear. Wageni wengine walicheka, lakini siku za Shakespeare mwenyewe mambo yalikuwa hivyo hivyo, maana wanawake hawakuruhusiwa jukwaani.

Mchezo ulikuwa upande wa furaha. Upande wa pili ulikuwa mtihani. Cheti cha Cambridge kilitungwa Uingereza, na karatasi za majibu zilipelekwa huko huko kusahihishwa. Mwanafunzi alikaa nyumbani miezi kadhaa akichunga ng'ombe na kungoja. Karatasi ya lugha ya Kiingereza ilikuwa na insha, ufahamu na muhtasari, na sheria yake ilikuwa kama kisu: aliyeanguka karatasi hiyo hakupewa cheti, hata kama alifaulu masomo mengine yote kwa sifa. Twasema neno moja la kusifu juu ya muhtasari. Zoezi lile la kuchukua ukurasa mzima wa maneno ya mtu na kuyapunguza hata yakawa theluthi, bila kuacha jambo lake wala kuongeza lako, ndilo lililowafanya wazee waliotutangulia katika kiti hiki waandike kumbukumbu za mikutano zinazosomeka mpaka leo. Tunazo katika sanduku la Chama, na twaona haya tukilinganisha na zetu.

Lakini sheria ile ya kisu iliwaangusha wengi. Yule mzee aliyesimama mkutanoni ni mmoja wao. Ametupa ruhusa tuyaeleze haya, jina tu tusilitaje. Alifanya mtihani mwaka 1962. Alifaulu hisabati, jiografia na elimu ya viumbe, akaanguka Kiingereza. Hakupata cheti. Wenzake wa dawati moja waliingia afisini mwaka uliofuata, nchi ilipopata Uhuru na viti vya Wazungu vilipokuwa vikiachwa wazi. Kumbuka kwamba wakati ule shule za sekondari katika Kenya nzima zilikuwa 151 tu, na wanafunzi wake kama elfu thelathini, hata mwenye cheti aliitwa kazini kabla hajaomba. Yeye alikwenda reli akabeba mizigo, kisha akajifunza useremala, na meza tunayoandikia taarifa hii ni kazi ya mikono yake. Tulipomwendea nyumbani kumwuliza habari hizi alituambia, "Mwanangu, mimi sikuanguka kwa ujinga. Nilianguka kwa insha. Walituambia tuandike juu ya siku moja pwani ya bahari. Mimi bahari nilikuwa sijaiona."

Hatukuwa na jibu la kumpa.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wanalijua na vijana wanalijua, nalo ni kile kibao. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mwanafunzi wa Alliance tangu 1955 hata 1958, na aliyefariki mwezi wa Mei 2025, ameandika jinsi watoto wa shule katika siku za Hali ya Hatari walivyoadhibiwa kwa kusema lugha ya mama zao. Mtoto aliyekamatwa alipewa kitu cha kubeba, naye akampa mwingine atakayemsikia akikosa, na jioni mwalimu aliufuata mnyororo huo mpaka mwanzo. Twadhani wasomaji wengine hawajui kwamba adhabu hiyo haikubuniwa kwa ajili ya Mwafrika. Katika nchi ya Wales, iliyo jirani na Uingereza, watoto wa karne ya kumi na tisa walivikwa kipande cha ubao shingoni kwa kusema Kiwelshi, nacho kilipita mkono kwa mkono namna ile ile. Sisi wenyewe, katika shule yetu, mwanzoni mwa karne hii, Uhuru ukiwa umekwisha kupita miaka arobaini, tulikibeba kibao hicho, na waalimu waliotupa walikuwa Waafrika watupu. Wala hakikuwa cha lugha za nyumbani peke yake. Siku za Jumatatu mpaka Alhamisi hata Kiswahili kilikuwa kosa. Tulijifunza Kiingereza kiasi, lakini zaidi tulijifunza kunyamaza, na kumchongea rafiki.

Juu ya Kiswahili, lazima tuseme kwamba kilipata hasara kubwa katika habari hizi. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ilikuwa imeundwa mwaka 1930, Kiunguja kikiwa msingi, na katibu wake wa kwanza, Bwana Frederick Johnson, alikuwa ametafsiri vitabu kadhaa vya hadithi za Kiingereza ambavyo wazee wengi walivisoma shuleni. Nani asiyekumbuka Mashimo ya Mfalme Sulemani? Njia ilionekana wazi: lugha ya nyumbani, kisha Kiswahili, kisha Kiingereza. Lakini mwaka 1955 taarifa ya Tume ya Kifalme ya Afrika ya Mashariki ilisema kwamba kuwafundisha Kiswahili watoto ambao si chao ni kupoteza wakati na nguvu. Tangu 1957 ukaanza Nairobi utaratibu mpya wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwanza katika shule za Wahindi, kisha katika za Waafrika. Tume ya Ominde ya mwaka 1964, ambayo ilikuwa tume yetu wenyewe baada ya Uhuru, iliukubali utaratibu huo. Ilishauri Kiswahili kifundishwe kwa wote, ila shauri hilo lilikaa kwenye karatasi kwa muda mrefu. Hakikuwa cha lazima katika mtihani wa sekondari mpaka 8-4-4 ilipoanza mwaka 1985.

Wakati huo huo, upande wa ng'ambo ya mpaka, Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais mwenye kazi nyingi kuliko karani yeyote, alitafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya Kaizari, ukatoka mwaka 1963. Aliutengeneza tena mwaka 1969, ukaitwa Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo ukatoka Mabepari wa Venisi. Alionyesha kwa vitendo kwamba mtu aweza kuvipenda vitabu vya Waingereza bila kuiacha lugha yake mlangoni.

Mabadiliko makubwa ya vitabu vyenyewe yalianzia Nairobi. Mwezi wa Septemba 1968, katika Chuo Kikuu kilichokuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, mkuu wa muda wa Idara ya Kiingereza alileta mapendekezo juu ya maendeleo ya idara yake. Tarehe 24 Oktoba waalimu watatu, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walimjibu kwa waraka uliopendekeza idara hiyo ifutwe. Hawakusema Shakespeare atupwe. Walisema kwamba katikati pawekwe Afrika, hadithi na nyimbo za wazee zikiwamo, kisha wengine wapangwe kwa kadiri ya uhusiano wao nasi. Idara ilipata jina la fasihi, na mwaka 1974 waalimu walikutana katika Nairobi School kuzungumza namna ya kuyapeleka mambo hayo katika shule za sekondari. Mitihani nayo ilihama polepole kutoka mikono ya Cambridge: Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki lilianzishwa mwaka 1967, na baada ya Jumuiya kuvunjika, Kenya ikaweka baraza lake mwaka 1980.

Matunda yake ni haya. Katika kizazi chetu mwanafunzi wa kidato cha nne aliweza kufanya mtihani wa Kiingereza akiwa amesoma The River Between ya Ngũgĩ, au Betrayal in the City ya Francis Imbuga, au Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, ambayo msichana wake anaingia Nairobi hii hii akapotea katika njia zile zile tulizopotea sisi. Fasihi simulizi ikaingia pia, vitendawili, methali na hekaya za bibi. Tuna neno dogo la kunung'unika hapo: hekaya tulizosimuliwa jikoni kwa lugha ya nyumbani tuliulizwa kwa Kiingereza, na aliyezijua vizuri kuliko wote katika darasa letu, kijana aliyelelewa na nyanya yake, alipata alama ndogo kwa sababu ya makosa ya sarufi. Lakini hata hivyo aliulizwa juu ya kitu alichokiona kwa macho yake. Yule mzee wetu wa 1962 hakupata bahati hiyo.

Na kile kisu kimepunguzwa makali. Tangu mtihani wa KCSE wa mwaka 2023, katika kuhesabu alama ya jumla, hisabati ni lazima, na lugha moja ni lazima, lakini lugha hiyo yaweza kuwa Kiingereza, au Kiswahili, au lugha ya ishara. Miaka sitini na mmoja ilipita kati ya mtihani wa mzee huyo na badiliko hilo.

Sasa turudi katika kabati. Fedha zilizotumika zimeandikwa katika hesabu za Mweka Hazina, ukurasa wa mwisho. Halmashauri ilikaa mara mbili juu ya jambo hili na kuamua kwamba fungu la karo lisiguswe tena kwa ajili ya vitabu, na kwamba vitabu vinunuliwe kwa michango ya pekee. Sisi tulishauri kwamba mtoto anayelipiwa karo bila kuwa na kitabu cha mtihani ni kama mtu aliyelipiwa nauli akakosa viatu, na kwamba kitabu kimoja husomwa na watoto kumi, mwaka baada ya mwaka. Lakini hatukuweza kukana kwamba mtoto aliyefukuzwa hasomi kitabu chochote. Hatujabadili mawazo, ila tumeukubali uamuzi.

Halmashauri iliamua pia kwamba nusu ya vitabu viwe vya Kiswahili. Kabati hufunguliwa kila Jumamosi baada ya saa sita, na ufunguo uko kwetu.

Mzee wetu alikuja Jumamosi ya pili. Hakusema neno juu ya mkutano. Alikagua bawaba za mlango, akasema hazikutiwa vizuri, kisha akaazima Juliasi Kaizari, kwa sababu, alisema, hicho ndicho kitabu walichosomeshwa kwa Kiingereza mwaka ule naye hakukielewa mwisho wake. Alikirudisha baada ya majuma matatu akiwa amekizungushia karatasi ya kaki ili kisichakae. Aliuliza kama tunacho kile cha Kiingereza, ili avilinganishe. Hatukuwa nacho. Kimeandikwa katika orodha ya vitabu vitakavyonunuliwa mwaka huu, namba ya tatu.